Spicer-Simson, afisa aliyepitisha boti mbili za injini juu ya milima ya Katanga

Mutshatsha, jimbo la Lualaba – Huko Ulaya na Marekani, injini kuukuu ya boti inapelekwa mnadani, na wapenzi wa vitu vya zamani wanaigombania. Wanaangalia kwanza kibati chenye namba ya kiwanda, kisha kama vipande vyake ni vile vya mwanzo, na mwisho historia yake: ilisukuma boti gani, katika maji gani, ya nani. Hapa kwetu, kutoka Mutshatsha hadi Kolwezi, injini iliyokufa inakuwa mitraye na kuuzwa kwa kilo.

Lakini mwaka 1915 injini nne za boti zilipita katika nchi hii zikiwa na historia ambayo mnada wowote ungeitamani. Zilifika Fungurume kwa gari la moshi, zikapandishwa milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba na kwenda kupigana vita katika ziwa Tanganyika. Aliyeongoza safari hiyo ni Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la majini la Uingereza.

Alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka 14. Kazi yake haikung'aa. Alikuwa mtu wa kujisifu sana, na wenzake walichoka na hadithi zake. Alipima mito ya Uchina na mto Gambia, lakini vyeo vikubwa vilimpita. Mwezi wa Novemba 1914, Niger, moja ya meli zilizokuwa chini yake, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, yeye mwenyewe akiwa nchi kavu. Baada ya hapo aliwekwa ofisini.

Kazi ambayo hakuna aliyeitaka

Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala ziwa Tanganyika. Mwezi wa Agosti 1914 walikuwa wameiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Wasomaji wa Kolwezi wanalifahamu jina hilo: baadaye lilipewa pia baraji ya Nzilo.

Mwindaji mmoja, John Lee, ndiye aliyewaendea wakubwa wa jeshi mjini London na wazo lake: kuleta boti ndogo zenye mbio, kwa reli na kwa barabara, kupitia Katanga. Wazo lilikubaliwa. Spicer-Simson alipewa uongozi kwa sababu alikuwa karibu na hakuwa na kazi kubwa, na pia alijua Kifaransa.

Boti zilikuwa mbili, za mbao ya mahogani, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Kila boti ilikuwa na injini mbili za esansi, kila injini na nguvu za farasi 100. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake walikataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa, na hayo yakapita. Msomaji wa Kiswahili asidanganyike: hiyo Mimi si yetu.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia

Boti ziliondoka Uingereza kwa meli mwezi wa Juni 1915 na kufika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Gari la moshi lilizileta hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kisha Fungurume mwanzoni mwa Agosti. Hapo reli iliishia. Ingefika Bukama mwaka 1918 tu, na njia inayopita Mutshatsha kwenda Angola ingekamilika mwaka 1931.

Mbele kulikuwa na zaidi ya kilomita 230 za pori na milima hadi Sankisia. Lee alikuwa ametangulia kuchagua njia na kuanza kuifungua, lakini aliondolewa kwa tuhuma kabla ya kuona matunda yake. Sifa zikabaki kwa mkubwa wake.

Mamia ya wafanyakazi Wakongomani walikata miti, walivunja miamba na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Mashini mbili za mvuke zilivuta boti. Mlima ulipozishinda, ng'ombe walifungwa kamba, na kamba zikazungushwa kwenye miti mikubwa ili boti zipande taratibu. Mashini za mvuke zinakunywa maji mengi, na msimu ulikuwa wa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya karibu walibeba maji kwa vyungu vichwani, kilomita nyingi, ili mashini zisisimame. Bila wao, boti zingebaki milimani.

Sankisia ilifikiwa mwishoni mwa Septemba. Kutoka hapo reli fupi ilizipeleka Bukama, kisha zikateremka Lualaba, ambayo maji yake yalikuwa yamepungua sana, hadi Kabalo. Mwishoni mwa Oktoba zilifika Lukuga, kwenye Kalemie ya leo.

Ushindi, kisha woga

Tarehe 26 Desemba 1915, Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani katika vita vya dakika chache. Ilitengenezwa upya na kuitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi ziliizamisha Hedwig von Wissmann.

Spicer-Simson akawa shujaa. Mwili wake ulijaa michoro ya chale, na alivaa sketi hadharani. Inasemekana Waholoholo wa pwani walimpa jina la Bwana Chifunga-Tumbo na kuchonga sanamu zake.

Lakini ilipotokea meli kubwa, Graf von Götzen, hakuthubutu kuishambulia. Watu wake walianza kumdharau. Mwaka huo huo wa 1916, akili na mwili vikiwa vimechoka, alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani, lakini hakupewa tena amri ya vita majini. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco. Alikufa Kanada tarehe 29 Januari 1947.

Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916. Iliopolewa, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Vita hivyo ndivyo vilivyompa C. S. Forester wazo la riwaya yake ya The African Queen ya mwaka 1935, iliyotengenezewa filamu mwaka 1951.

Mnadani, kitu kisicho na jina wala karatasi hushuka bei. Na vitabu vya safari hii vimejaa majina ya maafisa, huku waliokata njia ya Mitumba na wanawake waliobeba maji wakitajwa kwa hesabu tu, kama mizigo. Wazee wa Fungurume na Bukama wenye masimulizi ya babu zao bado wanaweza kuulizwa. Afadhali waulizwe sasa, kabla na historia hiyo haijapimwa kwa kilo.