Al-Khwarizmi na Ndoo Mbili za Maji ya Chumvi



Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nikiwa mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya jumuiya yetu nikajigamba kwamba aljebra ilianzishwa na Waislamu. Takbira zikasikika ukumbi mzima. Siku tatu baadaye majibu ya mtihani wa hesabu yakatoka: nilikuwa na 4 juu ya 20.

Swali lililoniangusha lilikuwa la mchanganyiko. Kuna ndoo ya maji ya chumvi ya asilimia 10, na nyingine ya asilimia 4. Utachota lita ngapi katika kila ndoo upate lita 6 za asilimia 6? Nilikisia lita 3 huku na lita 3 huku. Mchanganyiko huo unatoa asilimia 7.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimtafute mtu niliyejivunia bila kumjua.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu mwaka 780. Jina lake linamnasibisha na Khwarazm, kusini mwa Bahari ya Aral, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika Bayt al-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Hakuona haya kujifunza kwa wasiokuwa Waislamu. Aliandika kitabu cha kufundisha hesabu kwa tarakimu za Kihindi, akatengeneza majedwali ya nyota kwa kufuata njia za Wahindi, na katika jiografia akaorodhesha mahali zaidi ya 2,400.

Kitabu chake mashuhuri ni kile cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Alikiandika kwa haja za watu: mirathi, wasia, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa yake ni masuala ya wasia na mirathi. Hapo nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimekisia lita za maji. Yeye alikuwa akihangaikia fungu la mjane na la yatima, mahali ambapo kukisia ni dhulma.

Ndani yake hamna x wala alama ya jumlisha. Yote yameandikwa kwa maneno. Kile kisichojulikana anakiita shay', yaani kitu. Hiyo ndiyo siri niliyoikosa: usichokijua kipe jina, kisha kifanyie hesabu kana kwamba unakijua.

Basi nikarudi kwenye ndoo zangu. Cha kuhesabu ni chumvi, maji yenyewe ni chombo tu. Lita za ndoo ya kwanza niite x. Za ndoo ya pili zitakuwa 6 − x. Chumvi ya kwanza ni 10x, ya pili ni 4 mara (6 − x), yaani 24 − 4x. Inayotakiwa ni 6 mara 6, yaani 36. Kwa hiyo:

10x + 24 − 4x = 36

Al-jabr ni kurudishia kilichopungua, na Waarabu hulitumia neno hilo hata kwa kuunga mfupa uliovunjika. Upande wa kushoto umepungukiwa na 4x. Turudishie, na kwa uadilifu tuongeze 4x upande wa pili pia: 10x + 24 = 36 + 4x. Al-muqabala tunalijua sisi Waswahili, ndilo neno letu mkabala. Weka pande mbili zitazamane, uondoe kilicho sawa huku na huku. Ondoa 24, kisha ondoa 4x: 6x = 12. Basi x ni 2. Lita 2 za asilimia 10, lita 4 za asilimia 4. Hakikisha: 20 na 16 ni 36.

Miaka yote nilikuwa nikihamisha namba ng'ambo ya pili na kubadilisha alama bila kujua kwa nini. Kumbe ni mizani: ukigusa upande mmoja, uguse na wa pili.

Al-Khwarizmi alifariki karibu mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kitabu chake kwa Kilatini, na kutokana na al-jabr Ulaya ikapata neno aljebra. Jina lake mwenyewe limebaki katika neno algoriti, ambalo wenzetu wa kompyuta hulitamka kila siku.

Mtihani niliurudia, nikapata 13 juu ya 20. Tangu hapo sijasimama tena kujigamba kwa jina lake. Jioni za Jumamosi huketi na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, karatasi mbele yetu, tukifanya maswali. Nadhani hiyo ndiyo heshima anayostahiki. Allah amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq.