Muyaka bin Haji na wazee waliomhifadhi

Muyaka bin Haji alizaliwa Mombasa kunako mwaka 1776. Alikuwa mshairi wa upande wa Wamazrui, watawala wa mji huo, walipokuwa wakishindana na Seyyid Said. Kabla yake, ushairi mwingi ulioandikwa ulikuwa wa dini. Yeye aliupeleka sokoni, akatunga juu ya vita, njaa, madeni na mapenzi, na kuwadhihaki maadui wa mji. Wamazrui walianguka mwaka 1837. Muyaka akaishi kama miaka mitatu chini ya utawala alioupinga, akafariki mwaka 1840.

Hayo tunafundishwa. Lisilozungumzwa sana ni kwamba hatuna diwani aliyoipanga mwenyewe. Miaka arobaini na zaidi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mshairi, alikusanya tungo hizo pamoja na mmisionari W. E. Taylor, nyingi zikitoka vinywani mwa watu. Tupige hesabu: aliyemsikia Muyaka mwaka 1840 akiwa na miaka ishirini, mwaka 1885 alikuwa na sitini na mitano.

Leo kumbukumbu ya maneno hupimwa mara nyingi kwa orodha. Mtu husomewa maneno kumi na matano, mara tano, na kila mara huambiwa ayarudie. Kwa kipimo hicho mzee kwa kawaida hushindwa na kijana. Lakini orodha ile imevuliwa nguo zote: haina kina, haina mizani, haimtaji jirani yeyote. Ubeti wa Muyaka una mishororo minne ya mizani kumi na sita, yaani silabi sitini na nne, zenye vina vya kati na vya mwisho. Neno likipotea, pengo lake linajulikana ukubwa na mlio. Hata sisi wa Bungulu, ambao Kimvita kinatutoa jasho, tunasikia mara moja mshororo uliopungukiwa silabi. Tena wanasaikolojia wameona kwamba wazee hukumbuka zaidi mambo ya ujana wao, na wengi wa wazee wale walimsikia Muyaka wakiwa vijana.

Kwa hiyo sikubali tunapoita kazi ya wazee wale bahati. Ila umbo lina mipaka yake: hulinda sauti kuliko sababu. Nani alikuwa akidhihakiwa, na kwa kisa gani? Hilo halikai ndani ya vina. Lilihitaji mtu kama Sikujua, aliyeweza kumweleza Taylor kilicho nyuma ya fumbo. Sikujua akafariki mwaka 1890.

William Hichens alichapisha diwani mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha Muyaka. Mafumbo mengine humo yamekamilika kwa mizani na vina, na wataalamu bado wanabishana yalimlenga nani.