Edgar Sengier, mtu aliyeficha urani ya Shinkolobwe ili isifike kwa Hitler

BUKAVU – Wakaaji wa Kivu wanajua kwamba madini yakishavuka mpaka, mwenye shimo hana tena sauti juu yake. Maisha ya Edgar Sengier yanaonyesha hivyo kwa madini ya hatari kuliko yote: urani.

Sengier alizaliwa mwaka 1879 huko Kortrijk, Ubelgiji. Alisomea uhandisi wa madini, akaingia shirika la Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1911, baadaye akawa mkuu wake. Shirika hilo lilimiliki mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, wenye urani bora kuliko yote iliyojulikana wakati huo.

Mwezi Mei 1939, mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard alimwonya kwamba mawe hayo yakianguka mikononi mwa adui yangeleta maangamizi. Mwaka uliofuata Wajerumani waliteka Ubelgiji na kukamata urani iliyokuwa imehifadhiwa huko. Sengier, aliyekuwa amehamia New York, akaagiza zaidi ya tani 1,200 zitoke Kongo kwa meli. Zilifichwa katika ghala la Staten Island.

Tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimwendea ofisini. Siku hiyohiyo walikubaliana. Urani ya Katanga ilitoa sehemu kubwa ya ile iliyotumiwa katika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Wakongomani waliochimba mawe hayo hawakuambiwa yanaenda kufanya nini.

Ulinzi wa Sengier ulikuwa siri na ghala. Mabomu yalipoongezeka, huo haukutosha tena. Juni 1962, Rais John Kennedy aliagiza silaha za nyuklia za Marekani zilizowekwa Ulaya zitiwe kufuli maalum: bila namba za siri kutoka kwa wakubwa, askari hawezi kuzilipua.

Sengier alifariki mwaka 1963 mjini Cannes, Ufaransa. Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kufungwa, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Mwaka 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji huo.

Kufuli za mabomu ziko mikononi mwa mataifa makubwa. Kufuli ya kwanza, ile ya shimo, iko kwetu.