Dennis Gabor na Andiko Zima la Nuru

Dennis Gabor alizaliwa Budapest, nchi ya Hungaria, tarehe 5 Juni 1900. Tangu ujana wao, yeye na nduguye walifanya nyumbani kwa wazazi wao chumba cha majaribio, wakarudia humo mambo waliyoyasoma vitabuni. Alisomea uhandisi Budapest na Berlin, akapata udaktari mwaka 1927. Mwaka 1933 Hitler aliposhika utawala, Gabor, ambaye asili yake ni Kiyahudi, aliiacha kazi yake Ujerumani, na mwaka uliofuata akafika Uingereza, akaajiriwa na British Thomson-Houston katika mji wa Rugby.

Huko alishughulika na hadubini ya elektroni. Chombo hicho kilitarajiwa kuonyesha atomi, lakini lenzi zake zilikuwa na kasoro iliyowashinda mafundi. Gabor akajiuliza: kwa nini isichukuliwe picha mbovu, maadamu imebeba habari zote, kisha isahihishwe kwa nuru? Siku za Pasaka mwaka 1947, alipokuwa ameketi kando ya uwanja wa tenisi, jawabu likamjia.

Na tulifahamu vyema jambo hili, maana ndilo kiini cha habari. Nuru husafiri kama mawimbi. Picha ya kawaida hunakili ukali wa nuru peke yake. Haielezi kila wimbi lilifika likiwa limepanda au limeshuka, na kwa hivyo umbali wa kitu hupotea. Gabor aliikutanisha nuru itokayo kwenye kitu na nuru nyingine safi ya chanzo kile kile. Penye mkutano, baadhi ya mawimbi hutiana nguvu na mengine hufutana, na alama zake zikabaki juu ya bamba. Likiangazwa bamba hilo, mawimbi ya mwanzo huzaliwa upya. Akaiita hologramu, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya andiko zima. Ibn al-Haytham alikwisha kueleza, zaidi ya miaka 900 kabla yake, kwamba jicho huona kwa nuru inayolijia kutoka kwenye vitu. Basi jicho likiletewa nuru ile ile, litakiona kitu kwa unene wake ingawa hakipo.

Alitangaza kazi hiyo mwaka 1948. Lakini taa yake ya zebaki ilikuwa dhaifu, na mawimbi yake hayakudumu kwenda pamoja; picha ikatoka ndogo mno, nayo imechafuliwa na pacha wake. Wengi wakaiacha fikra hiyo, na Gabor, aliyehamia Imperial College mwaka 1949, akageukia kazi nyingine. Haikuwa na kosa ila kukosa taa.

Leza ilipatikana mwaka 1960. Leith na Upatnieks, huko Michigan, wakaitenga picha na pacha wake, na mwaka 1964 wakaonyesha vitu vizima vyenye kina. Mwaka 1966 Brown na Lohmann wakazikokotoa alama kwa kompyuta, na ikawezekana kupata picha ya kitu kisichowahi kuwapo. Siku hizi kompyuta huamrisha vitone vidogo vya kioo maalumu, nuru ikakusanyika katika nukta nyingi za vina mbalimbali kwa mara moja. Wataalamu hushika chembe kwa nuru hiyo, na huamsha seli walizozichagua katika ubongo wa wanyama wa majaribio.

Gabor alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, naye ana miaka 71. Akafariki London mwezi wa Februari 1979. Hadubini ya elektroni, iliyomtia katika safari hiyo, ilikuja kunufaika na njia yake mikononi mwa wengine, Ujerumani na Japani.