Marie Curie: Mwanamke aliyetuachia miale inayotibu na kuangamiza

KWA miaka mingi, mgonjwa wa saratani kutoka Keroka, Ogembo au Nyansiongo aliyehitaji tiba ya miale katika hospitali ya umma alilazimika kuabiri gari, apite Sotik, Bomet na Narok hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 300. Safarini alibeba hofu mbili: hofu ya ugonjwa wenyewe na hofu ya tiba. Kwa wengi, miale ya nuklia ni jambo la mabomu na maafa. Vipi basi iwe dawa?

Jibu la swali hilo linapatikana katika maisha ya mwanamke aliyeitambua nguvu hiyo, akaitafutia jina na hatimaye akauawa nayo.

Maria Sklodowska alizaliwa Novemba 7, 1867 mjini Warsaw, Poland, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto watano. Babake alifundisha hisabati na fizikia, naye mamake, aliyewahi kusimamia shule ya wasichana, alifariki kutokana na kifua kikuu Maria akiwa na umri wa miaka 10 pekee.

Chuo kikuu cha Warsaw hakikuwapokea wanawake. Maria na dadake mkubwa, Bronia, wakafanya mapatano ambayo familia nyingi za Kisii na Nyamira zitayaelewa mara moja. Maria angefanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao ili kumlipia Bronia masomo ya udaktari jijini Paris, Ufaransa. Bronia akishahitimu, angemvuta mdogo wake. Ahadi ilitimizwa. Mnamo 1891, Maria aliwasili Paris, akajiunga na Chuo Kikuu cha Sorbonne. Aliishi katika chumba cha darini chenye baridi kali, akila kidogo na kusoma sana. Mnamo 1893 aliibuka wa kwanza katika shahada ya fizikia, na mwaka uliofuata akapata ya hisabati.

Mnamo 1895 alifunga ndoa na mwanafizikia Pierre Curie. Mwaka huo huo, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mnamo 1896 Mfaransa Henri Becquerel alibaini kwamba madini ya uraniamu hutoa miale isiyoonekana, hata yakifungiwa gizani. Wanasayansi wengi hawakujishughulisha na habari hiyo ya Becquerel. Marie, kama alivyoitwa sasa, aliifanya kuwa mada ya utafiti wake.

Aliipima miale hiyo kwa chombo kilichobuniwa na mumewe pamoja na shemejiye. Aliichoma uraniamu, akailowesha, akaichanganya na kemikali nyingine. Nguvu ya miale haikubadilika. Ilitegemea tu kiasi cha uraniamu kilichokuwepo. Hapo akafikia uamuzi uliotikisa sayansi: miale haikutokana na moto, mwanga wala mchanganyiko wa kemikali, bali ilichipuka ndani ya atomu yenyewe. Hadi wakati huo, atomu ilidhaniwa kuwa chembe ya mwisho isiyogawanyika wala kubadilika.

Wanasayansi wengine waliujenga ufahamu wetu juu ya msingi huo. Mnamo 1911, Ernest Rutherford alionyesha kwamba atomu ina kiini kidogo mno katikati. Baadaye ilithibitishwa kuwa kiini hicho kina protoni na nyutroni, nazo elektroni hukizunguka kwa nje. Baadhi ya viini havina utulivu, na katika kuutafuta utulivu huo hutupa nje miale. Ile ya alfa huzuiwa na karatasi, ya beta na bati jembamba la alumini, ilhali ya gama huhitaji madini mazito ya risasi au saruji nene ili kupunguzwa makali. Tabia hiyo ya viini ndiyo iitwayo unururifu.

Wala si jambo geni vijijini mwetu. Ndizi zinazobebwa kila siku kutoka mashamba ya Kisii na Nyamira kwenda masokoni zina potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu yote duniani hutoa miale. Udongo na mawe pia huitoa. Kiasi hicho ni kidogo na hakimdhuru mlaji. Suala si kuwepo kwa miale, bali kipimo chake.

Mnamo 1898, Marie na Pierre walitangaza kugundua elementi mbili mpya: poloniamu, iliyopewa jina la nchi ya mama huyo, na radiamu. Ili kuitenga radiamu, Marie alichemsha tani kadhaa za masalio ya madini katika banda lililovuja, akiyakoroga kwa chuma kirefu. Kufikia 1902 alikuwa amepata sehemu moja tu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Wawili hao hawakusajili haki ya umiliki wa mbinu yao, ingawa ingewatajirisha.

Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1903 walitunukiwa pamoja na Becquerel. Mnamo Aprili 1906, Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi barabarani, akafariki. Mjane huyo mwenye mabinti wawili alirithi nafasi ya mumewe Sorbonne na kuwa mwanamke wa kwanza kufundisha huko. Mnamo 1911 alishinda Nobel ya Kemia, akawa mtu wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili.

Wakati huo madaktari walikuwa wameshang'amua kwamba radiamu huua seli za uvimbe wa saratani. Kuanzia miaka ya 1920, sehemu kubwa ya radiamu ya ulimwengu ilitokana na madini ya Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Marie aliunda magari yenye mitambo ya eksirei, akajifunza kuendesha gari na kuelekea vitani kuwasaidia madaktari kuona risasi na mifupa iliyovunjika.

Lakini hakuwa na kinga. Alibeba vichupa vya radiamu mifukoni na kufurahia mng'ao wake usiku. Alifariki Julai 4, 1934 akiwa na umri wa miaka 66, uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu. Nusu ya radiamu yoyote huchukua takriban miaka 1,600 kuoza, ndiyo maana madaftari yake yangali yanahifadhiwa katika masanduku ya risasi.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya banda lake na chumba cha tiba cha leo. Sasa kipimo hukokotolewa kabla ya tiba, miale huelekezwa kwenye uvimbe, na wahudumu hukingwa kwa kuta nene. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine inayomulika kutoka nje ya mwili haambukizi miale. Anaweza kumbeba mjukuu wake siku hiyo hiyo. Anayewekewa chembechembe za miale mwilini au kumezeshwa dawa yake hupewa masharti ya muda na daktari, nayo yafaa yafuatwe.

Mnamo 1995, mabaki ya Marie yalihamishiwa Panthéon, makaburi ya mashujaa wa Ufaransa, yakiwa ndani ya jeneza lililozungushiwa risasi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuzikwa humo kwa sababu ya kazi yake mwenyewe. Aliyejitoa kumsomesha dadake aliacha tiba ambayo mgonjwa wa Keroka au Ogembo hana sababu ya kuikimbia.