Henry Morton Stanley: Mwelisi Aliyepita Ukonongo na Ukawendi

Wanafunzi wetu wengi humhesabu Stanley kuwa Mwingereza au Mmarekani. Kwa kuzaliwa alikuwa Mwelisi. Alizaliwa Denbigh, kaskazini ya Welisi, tarehe 28 Januari 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na babu aliyemlea alifariki mapema. Mwaka 1847 mtoto alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilitoa ripoti juu ya elimu ya Welisi, ambayo Wawelisi huiita Usaliti wa Vitabu vya Buluu, kwani ilikihesabu Kiwelisi kuwa kizuizi cha maendeleo na hata cha maadili. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo akasomeshwa kwa Kiingereza. Sidhani kwamba tunaweza kuueleza ukimya wake wa baadaye juu ya asili yake bila kuzingatia jambo hili.

Mwaka 1859 alifika New Orleans, akajitwalia jina la mfanyabiashara wa huko. Dai lake kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe limetiliwa shaka na watafiti. Kwa miaka mingi alijitambulisha kuwa Mmarekani.

Linalotuhusu zaidi ni safari ya 1871, alipotumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo viliifunga njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Msafara ukazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, nchi ambazo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Katavi, mkoa wa Mpanda na Kasansa, ulioundwa 2012. Kwenye mto Gombe wapagazi walikataa kuendelea, na bunduki zikaelekezwa pande zote mbili. Kiongozi wa askari alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa India. Bila watu wa aina yake msafara usingalifika. Baada ya kukutana Ujiji, Stanley na Livingstone walirejea kupitia Ukawendi, wakafika Tabora Februari 1872.

Kati ya 1879 na 1884 alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili huko Kongo, akijenga vituo na kukusanya mikataba ya machifu iliyotumiwa kuanzisha dola katili. Hapa sifa za msafiri hazimwokoi.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Denbigh ilimsimamishia sanamu 2011. Mwaka 2021 wakazi waliulizwa kama iondolewe, na wengi wa waliopiga kura wakataka ibaki.