Mwalimu wa Lugha Aliyenyimwa Usemi

Wageni wanaovuka bahari kutoka Cape Town hadi Kisiwa cha Robben, gereza la zamani lililofanywa makumbusho mwaka 1997, aghalabu huwa na hamu ya kuiona seli ya Nelson Mandela. Njiani basi huwapitisha karibu na nyumba ndogo iliyojitenga. Humo alizuiliwa Robert Mangaliso Sobukwe kwa miaka sita, peke yake.

Sobukwe alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1924. Alisomea Fort Hare, na kuanzia 1954 akafundisha Kizulu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ingawa yeye alilelewa katika Kixhosa. Huko alitafiti vitendawili vya Kixhosa, fani ambayo, kama ya kwetu, haikamiliki pasipo watu wawili: anayetega na anayetegua.

Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa kiongozi wa kwanza wa chama cha Pan Africanist Congress. Tarehe 21 Machi 1960 alikwenda katika kituo cha polisi cha Orlando bila pasi, ili akamatwe. Siku iyo hiyo polisi waliwaua watu 69 Sharpeville. Alifungwa miaka mitatu. Muda huo ulipokwisha, Mei 1963, bunge lilikuwa limekwisha kupitisha kifungu kilichomwezesha waziri kuendelea kumzuia mtu aliyemaliza adhabu yake, mwaka baada ya mwaka. Hakikutumiwa dhidi ya mtu mwingine yeyote.

Kisiwani hakuvunjishwa mawe. Alivaa nguo zake mwenyewe, akasoma, hata akapata shahada ya uchumi ya Chuo Kikuu cha London. Asiyejua angedhani ni upendeleo. Lakini alikatazwa kuzungumza na wafungwa wenzake. Walipopita kwenda kazini aliokota udongo, akauacha umwagike taratibu kutoka mkononi. Nao wakaelewa kwamba wote ni wana wa ardhi moja. Hicho ndicho kitendawili kilichombakia. Hatimaye alikiri kuwa alikuwa akisahau kuongea.

Mwaka 1969 alihamishiwa Kimberley, mji uliokuwa mgeni kwake, akawekewa amri ya kutotoka nyumbani usiku. Maneno yake hayakuruhusiwa kunukuliwa nchini. Alisomea sheria, na mwaka 1975 akafungua ofisi ya uwakili. Saratani ya mapafu ilimuua tarehe 27 Februari 1978. Alizikwa Graaff-Reinet.